Amplifaya ya vali au ya transista? Bendi isitoe pesa kabla ya kusikiliza

Popote wapiga gitaa wanapokutana hapa Pwani, iwe Mtwapa, Ukunda au Malindi, kuna ubishi mmoja usiokosa kuzuka. Mmoja atasema amplifaya ya vali ndiyo amplifaya, na hizo nyingine ni redio tu zilizowekewa mkono wa kubebea. Mwenzake atajibu kwamba vali ni mzigo wa kizamani: nzito, moto kama jiko, na ikiharibika hakuna fundi wa kuitengeneza. Wakishachoka, kila mmoja hurudi kwake na imani yake.

Ubishi huo ungekuwa wa kupitishia wakati tu kama si suala la pesa. Bendi changa huchangishana kwa miezi kadhaa ili kununua amplifaya moja. Akitokea mtu akawaambia kwamba bila vali wao si wanamuziki, huenda wakamaliza akiba yote kwa kitu ambacho muziki wao haukihitaji. Au watanunua cha mitumba kilichotoka Marekani na kukiunguza siku hiyo hiyo ya kukichomeka ukutani.

Kwa hivyo leo tuuchambue ubishi wenyewe. Msimamo wangu nautoa mapema ili msomaji aupime: tofauti ya sauti ipo, si hadithi. Lakini hujitokeza zaidi pale amplifaya inapozidiwa. Na muziki mwingi tunaoupiga hapa kwetu hautaki amplifaya izidiwe.

Vali na transista hufanya kazi gani

Wazee waliokuwa na zile redio kubwa za mbao wanakumbuka. Ukiwasha, kimya. Unangoja kidogo, kisha sauti inakuja polepole kana kwamba inatoka mbali. Kilichokuwa kikingojewa ni vali kupata moto.

Vali ni chupa ndogo ya kioo iliyonyonywa hewa. Ndani yake mna waya unaopashwa moto mpaka unawaka wekundu. Moto huo huziondoa elektroni kwenye kipande kimoja cha chuma, nazo hukimbilia kipande cha pili kilichopewa umeme mkali, mara nyingi volti 300 hadi 500. Baina ya vipande hivyo viwili pana wavu. Umeme mdogo wa gitaa ukiingia kwenye wavu huo, huruhusu elektroni zipite au huzizuia. Ni kama mkono unaofungua na kufunga mfereji: mkono hautumii nguvu nyingi, lakini maji yanayopita ni mengi. Huko ndiko kukuza sauti.

Mwingereza John Ambrose Fleming alibuni vali ya kwanza mwaka 1904, ikiwa bado haina wavu. Wavu uliongezwa na Mmarekani Lee de Forest mwaka 1906. Transista ilikuja baadaye sana, Desemba 1947, katika maabara ya Bell Marekani. Kazi hiyo iliwapa John Bardeen, Walter Brattain na William Shockley Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1956. Transista hufanya kazi ile ile ya kufungua na kufunga mfereji, ila ndani ya kipande kidogo cha madini kama silikoni. Haina kioo cha kuvunjika wala waya wa kupasha moto, na haihitaji kungojewa.

Kwa hivyo Fundi Konde, mtoto wa Pwani anayetajwa miongoni mwa waanzilishi wa gitaa la umeme nchini Kenya, katika miaka ya 1950 hakuwa na ubishi huu. Amplifaya za wakati huo zilikuwa za vali.

Sifa mbaya ya transista ilianzia wapi

Katika miaka hiyo hiyo ya 1950, Leo Fender wa California alikuwa akitengeneza amplifaya aliyoiita Bassman, kwa ajili ya gitaa la besi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Jim Marshall, mwenye duka la vyombo vya muziki London, alitengeneza na mafundi wake amplifaya ya kwanza ya Marshall, JTM45, kwa kufuata mchoro wa Bassman. Kampuni ya Vox nayo, huko huko Uingereza, ilikuwa na AC30.

Wahandisi hao walitaka sauti safi. Vijana walionunua vyombo vyao ndio waliofungua sauti mpaka mwisho. Sauti ikapasuka, nao wakaipenda ilivyopasuka. Mpasuko huo ukawa ndio sauti ya muziki wa roki duniani.

Amplifaya za transista zilipoanza kuuzwa katika miaka ya 1960, nyingi zilikuwa dhaifu. Transista za wakati huo hazikustahimili joto, ziliungua haraka, na zikizidiwa zilitoa sauti ya kukwaruza. Wapiga gitaa wakazikataa. Ufundi umebadilika sana tangu wakati huo, lakini jina baya halifutiki upesi.

Wimbi na ukuta

Sasa tuingie kwenye sauti yenyewe. Kila amplifaya ina dari. Umeme ulioko ndani yake una kiwango, na mawimbi ya sauti hayawezi kupanda kupita kiwango hicho. Ukipiga taratibu, wimbi linapita chini ya dari bila kuguswa. Hapo, vali nzuri na transista nzuri zinakaribiana sana. Ukipiga kwa nguvu au ukifungua sauti kupita kiasi, wimbi linagonga dari. Tofauti kubwa inaanzia hapo.

Aliyekaa ufukweni anajua mawimbi hufika nchi kavu kwa njia mbili. Penye ukuta wa zege wimbi linagonga na kukatika papo hapo, kwa kishindo. Penye mchanga linapanda, linapunguza kasi kidogo kidogo, kisha linalala. Transista ikizidiwa, aghalabu hufanana na ule ukuta: wimbi linakatwa bapa, kama kwa msumeno. Vali huelekea kufanana na mchanga: kilele cha wimbi kinaviringwa kwanza kabla hakijakatwa.

Sikio husikia tofauti hiyo. Kilele kilichokatwa ghafla huzaa sauti nyingi za juu zenye ukali. Kilichoviringwa huzaa chache zaidi, na zinaingia polepole. Ndiyo maana mpiga gitaa mwenye vali husema chombo chake "kinamjibu". Akigusa uzi taratibu sauti ni safi, akikaza mkono inaanza kukoroma, akilegeza inasafika tena. Njia yote hiyo anaiendesha kwa vidole.

Kuna jambo jingine linaloongeza hisia hiyo. Katika amplifaya nyingi za vali, ukipiga noti kwa nguvu, umeme wa ndani hupungua kidogo kwa muda mfupi kisha hurudi. Noti inakuwa kama imebanwa mwanzoni halafu inafunguka. Kwa hesabu ya mhandisi huo ni udhaifu. Kwa mpiga gitaa wa bluzi ni utamu.

Shufwa na witiri

Wanaotetea vali hupenda hoja moja ya kitaalamu, na ni vyema tuipime. Uzi wa tano wa gitaa, uliofungwa sawasawa, hutikisika mara 110 kwa sekunde. Amplifaya ikizidiwa huongeza juu yake sauti nyingine ndogo: 220, 330, 440, 550 na kuendelea. Zile zinazotokana na kuzidisha kwa namba shufwa, yaani mbili na nne, ni noti ile ile iliyopandishwa oktavu moja na oktavu mbili, kwa hivyo zinaafikiana na noti ya asili. Za witiri huleta noti nyingine. Ya tatu bado inapatana vizuri, lakini kadiri unavyopanda, kama kwenye ya saba, zinaanza kugongana na muziki.

Mwaka 1973 mhandisi Russell Hamm alichapisha katika jarida la chama cha wahandisi wa sauti cha Marekani makala yaliyolinganisha vali na transista katika vikuzaji vya maikrofoni. Alionyesha kwamba vikizidiwa, vile vya vali huipa nguvu sauti ya pili, na vile vya transista huipa nguvu ya tatu. Tangu wakati huo watu husema kwa mkato: vali ni shufwa, transista ni witiri.

Mkato huo unaacha mambo mawili nje. Kwanza, Hamm alikuwa akizungumzia vifaa vilivyozidiwa, si vinavyofanya kazi kwa raha. Pili, amplifaya kubwa nyingi za vali huwa na vali za mwisho zinazofanya kazi mbili mbili, moja ikisukuma na nyingine ikivuta. Mpangilio huo hufuta sehemu kubwa ya zile sauti za shufwa. Kwa hiyo Marshall iliyofunguliwa mpaka mwisho imejaa witiri, na bado watu wanaipenda. Siri kubwa, basi, ni namna wimbi linavyofika darini kuliko shufwa na witiri peke yake.

Spika nayo ina neno

Kitu kinachosahaulika katika ubishi huu ni spika. Spika ya gitaa haitoi sauti zote kwa usawa. Ina mahali inapopenda kutikisika yenyewe, hasa kwenye besi. Amplifaya ya transista kwa kawaida huishika spika kwa mkono mkavu: ikiambiwa simama, inasimama. Ya vali huishika kwa ulegevu zaidi, hivyo spika huachwa icheze kidogo kwenye besi na kwenye sauti za juu. Sehemu ya ule "ujoto" unaosifiwa hutoka hapo, hata wakati amplifaya haijazidiwa. Baadhi ya watengenezaji wa transista wameujua mchezo huo na wameunda saketi zinazolegeza mkono vivyo hivyo.

Wati nazo zimewapotosha wengi. Utasikia kwamba wati 30 za vali ni sawa na 100 za transista. Wati ni wati. Kinachotokea ni kwamba mwenye vali huthubutu kuisukuma kupita kiwango chake kwa sababu mpasuko wake unapendeza, na mwenye transista husimama mapema kwa sababu wake unaudhi. Tena kumbuka kwamba sikio halihesabu kama kikokotoo. Ili sauti isikike kama imeongezeka maradufu, unahitaji nguvu mara 10 hivi. Kutoka wati 50 kwenda 100 unapata desibeli 3 tu, ongezeko dogo. Spika yenye ufanisi zaidi inaweza kukupa desibeli hizo hizo bila kubadilisha amplifaya.

Muziki wetu unataka nini

Sasa turudi nyumbani. Kinanda cha umeme, besi, kodiani, udi uliowekewa maikrofoni, na taishokoto iliyozoeleka katika taarabu ya Mombasa, vyote hivi vinataka sauti safi. Mwimbaji wa taarabu hutoa shairi, na msikilizaji anataka kila neno na kila noti imfikie ilivyo. Mpasuko hapo ni uchafu. Kwa vyombo hivyo, transista yenye nguvu ya kutosha ndiyo chaguo la busara.

Gitaa la rumba, la benga na la bango nalo aghalabu hupigwa kwa sauti safi inayong'aa, kila noti ikisikika peke yake. Kwa sauti ya aina hiyo kuna amplifaya moja ya transista inayoheshimiwa duniani kote: Roland JC-120, iliyotoka mwaka 1975 ikiwa na wati 60 kila upande na spika mbili za inchi 12. Na anayesema hakuna bluzi bila vali, ajue kwamba B.B. King mwenyewe alitumia kwa miaka mingi Lab Series L5, ambayo ni ya transista.

Ila kama bendi yako inapiga roki au bluzi, na gitaa linatakiwa likorome kufuata mkono, vali ndogo ya wati 15 au 20 itakupa kitu ambacho transista ya bei rahisi haikupi. Ndogo, nasema, kwa sababu ya wati 100 haitazidiwa mpaka iwe imewafukuza wateja ukumbini. Wahenga walisema ngoma ikilia sana hupasuka. Amplifaya kubwa itapasua masikio kabla haijapasuka yenyewe.

Siku hizi kuna aina ya tatu, zenye kompyuta ndogo ndani inayoiga sauti za vali. Nyingine zinaiga vizuri kiasi kwamba msikilizaji aliyekaa mezani hatambui. Zisidharauliwe.

Stima na hewa ya bahari

Kuna mambo ambayo vitabu vya ng'ambo havituambii sana, nayo yanatuhusu. La kwanza ni stima. Hapa kwetu ni volti 240, mara 50 kwa sekunde. Amplifaya iliyotengenezewa soko la Marekani hutaka volti 120, mara 60. Ukiichomeka moja kwa moja itaungua. Itahitaji transfoma ya kushusha umeme, na hata hivyo transfoma ya ndani iliyoundiwa 60 huweza kupata moto zaidi kwenye 50. Soma maandishi yaliyo nyuma ya chombo kabla ya kulipa.

La pili ni umeme unaoyumba. Waya wa kupasha vali nyingi huhitaji volti 6.3. Stima ikishuka kutoka 240 hadi 200 jioni watu wanapowasha taa na majiko, waya huo hupata kama 5.25 tu, na vali inafanya kazi ikiwa baridi. Sauti inalegea na vali inachoka. Stabilaiza nzuri ni sehemu ya bei ya amplifaya, hasa ya vali. Stima ikipotea katikati ya onyesho, zima chombo, na usiwashe mara tu inaporudi.

La tatu ni hewa ya chumvi. Miguu ya vali na matundu ya kuchomekea nyaya hushika kutu na kuanza kukwaruza. Usiegeshe chombo dirishani kinapopulizwa na upepo wa bahari, na kifunike kikishapoa.

La nne ni vipuri. Viwanda vikubwa vya vali duniani vimebaki vichache, hasa Urusi, Slovakia na China. Kwa anayepiga mara kwa mara, vali za mwisho huweza kuchoka baada ya mwaka mmoja au miwili, na katika amplifaya nyingi zikibadilishwa hutaka kurekebishwa na fundi anayeijua kazi. Kabla hujanunua, mtafute kwanza fundi huyo.

La tano ni uhai. Ndani ya amplifaya ya vali mna kapasita zinazohifadhi mamia ya volti hata baada ya kuzimwa na kuchomolewa ukutani. Umeme huo unaua. Asifungue mtu kwa udadisi. Na amplifaya ya vali isiwashwe bila spika kuunganishwa, kwani transfoma yake ya mwisho huweza kuungua. Ya transista nayo isiunganishiwe spika nyingi hadi omu zishuke chini ya kiwango kilichoandikwa nyuma.

Kabla ya kutoa pesa

Nendeni dukani na gitaa lenu wenyewe, si la dukani. Mmoja apige, wengine wageuke wasione kinachopigwa. Ajitahidi kusawazisha sauti, kwa maana sikio hudanganyika na kudhani ile inayolia zaidi kidogo ndiyo nzuri zaidi. Ikiwezekana, amplifaya zote mbili zijaribiwe kwa spika moja. Pigeni wimbo mnaoupiga jukwaani, kwa kiwango cha sauti mnachotumia jukwaani. Kisha kila mmoja aseme aliyoipenda kabla ya kuambiwa jina na bei yake.

Mkiona wanabendi hawakubaliani, au wanashindwa kutofautisha, hilo nalo ni jibu. Nunueni ile nyepesi, yenye fundi karibu, na akiba itakayobaki iende kwenye spika bora na stabilaiza. Mkiona wote wamechagua vali bila kuiona, basi inunueni kwa moyo mkunjufu, mkijua gharama zake.

Mchagua jembe si mkulima, lakini anayenunua jembe la kulimia mchanga akalipeleka kwenye mawe naye hatavuna. Jueni kwanza shamba lenu ni lipi.